Kadi ya miaka miwili

Zamu ya kuandika wiki hii ni yetu, sisi wa kikundi cha Jumamosi, na tunaandika juu ya kadi. Msikimbie kuangalia kama majina yametoka. Si kadi ya mgao, wala si ile ya utambulisho. Ni kadi ya mchezaji mmoja wa vishale huko Ujerumani, anaitwa Martin Schindler. Tunajua hapa Dzaleka ukisema neno kadi, mtu anapapasa mfuko kwanza ndipo anakusikiliza. Ndiyo sababu habari ya huyu kijana ilitukamata.

Vishale tulivipata kwa njia ya kawaida ya vitu hapa kambini: mtu aliondoka, akaviacha. Ubao ulining'inia ukutani muda mrefu bila mtu kuugusa. Kisha ndugu wa mmoja wetu, ambaye anaishi jimbo la Sachsen kule Ujerumani na anafanya kazi ya kutunza wazee, akaanza kututumia video. Anasema Desemba ikifika, nje baridi, watu wamejifungia ndani, basi wazee wake wanatazama vishale kila usiku mpaka wanasinzia kwenye viti. Kuna mzee anasahau majina ya wajukuu lakini ukimwambia 121 anakwambia papo hapo vishale vitatu vya kumalizia. Tulicheka sana. Halafu na sisi tukaanza kutazama, mwenye bando anawatazamisha wengine.

Kwa wasioujua mchezo, tueleze haraka. Unasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao. Kila mchezaji anaanza na pointi 501 na kazi yake ni kuzishusha mpaka sifuri, vishale vitatu kwa zamu. Wengi hudhani katikati ndipo penye pointi nyingi. Hapana. Katikati kabisa ni 50, lakini juu kuna kipande chembamba cha ishirini mara tatu, yaani 60, na huko ndiko wanakolenga. Ukikosa kidogo kushoto umepata 5. Ukikosa kidogo kulia umepata 1. Aliyepanga zile namba alikuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na akili.

Na ubaya wenyewe uko mwishoni. Huruhusiwi kumaliza ovyo. Lazima ufike sifuri kamili, na kishale cha mwisho kiingie kwenye dabo, ule mkanda wa nje wenye upana wa milimita 8 hivi. Ukipitiliza, pointi za zamu hiyo zote zinafutwa, unarudi pale ulipokuwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuongoza tangu mwanzo, akafika mlangoni, akasimama hapo anarusha na kukosa, anarusha na kukosa, mpaka aliyekuwa nyuma anakuja anapita. Mzee mmoja jirani yetu alipoelezwa sheria hii alitikisa kichwa, akasema, "Huo mchezo naufahamu, nimeucheza miaka 14."

Tuseme kidogo juu ya ubao wenyewe. Ubao mzuri wa vishale si mti. Ni nyuzi za mkonge zilizobanwa pamoja kwa nguvu, ndiyo maana kishale kikitoka tundu linajifunga lenyewe. Wetu nyuma umeandikwa kwamba umetengenezwa Kenya. Na mkonge wa Afrika Mashariki una habari yake: mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1000 kutoka Florida kupanda katika ile waliyoiita Afrika Mashariki ya Wajerumani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote yale ambayo babu zetu wengine walivuka mipaka kwenda kuyafanyia kazi, kutoka Burundi na kwingineko, kwa ujira mnajua mwenyewe wa namna gani. Basi Mjerumani alileta mkonge, mkonge ukawa ubao, na sasa Mjerumani mwingine anautupia vishale kwa pesa. Dunia inazunguka kweli.

Sasa Schindler. Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1996 Strausberg, mji mdogo mashariki mwa Berlin. Siku nne baadaye, tarehe 20 Agosti 1996, mji wa Idstein, upande mwingine kabisa wa nchi, alizaliwa mwingine anaitwa Max Hopp. Hawa wawili walikua wakiwa wanafuatana kama watoto wa darasa moja, na Hopp ndiye alikuwa anaitwa kwanza kwenye orodha. Mwaka 2015 Hopp akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2018, huko Saarbrücken, akamshinda Mwingereza Michael Smith 8-7 kwenye fainali na kuwa Mjerumani wa kwanza kushinda mashindano ya ngazi ile ya Ulaya. Mwaka huohuo Schindler alifika fainali ya dunia ya vijana, akapoteza. Kila mtu anamjua mtoto wa namna hiyo. Ni mzuri, lakini kuna mwenzake ambaye jina lake linatangulia.

Jina lake la kazi ni Ukuta. Wachezaji wote wa vishale wako na majina ya namna hiyo, wanaingia na muziki kama wapiganaji wa mieleka. Yeye ni mtu mkimya, anarusha bila madaha, na kusema kweli mwanzoni tulimwona anachosha.

Tulianza kumfuatilia siku tulipoelewa habari ya kadi.

Iko hivi. Huwezi kuwa mchezaji wa kulipwa wa vishale kwa kusema tu unaweza. Lazima uwe na kadi, na kadi ziko 128 kwa dunia nzima. Kadi inakaa miaka miwili. Katika hiyo miaka miwili, kila pesa unayoshinda inaandikwa mbele ya jina lako kwenye orodha moja ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua, hata sisi huku. Miaka miwili ikiisha wanaangalia: uko ndani ya 64 wa kwanza, unabaki na kadi. Uko wa 65, kadi imekwisha. Hakuna kuita mtu, hakuna kumjua mtu. Na pesa yenyewe haikai milele. Ulichoshinda leo, baada ya miaka miwili kinafutwa kwenye hesabu, kama hakijawahi kuwepo. Kwa hiyo hata bingwa anakimbia kila siku kurudisha kile kinachoanguka nyuma yake.

Msimu wa 2020 ulipoisha, Schindler alikuwa nje ya 64. Miaka 24, kadi imekwenda.

Hapo ndipo sisi tulinyamaza kidogo. Katika kikundi chetu kuna yaya mmoja, fundi cherehani, ndiye mkubwa wetu. Yeye na wanawe walikuwa wameshapita kila hatua ya safari ya nchi ya tatu: mahojiano, daktari, mafunzo ya jinsi ya kukaa huko. Tarehe ilitajwa. Akauza cherehani, akauza magodoro, masufuria akamgawia jirani. Watoto wakaacha shule kwa sababu kulikuwa na faida gani kuanza muhula? Kisha ukaja ujumbe kwamba safari imesimama. Si yake peke yake, za watu wengi. Hadi leo hajaambiwa kama imesimama au imekufa. Cherehani aliyoiuza anaiona kila siku ikishona kwenye kibanda cha mtu mwingine.

Yeye ndiye aliuliza swali: "Huyo mtoto, walimwambia kadi imekwisha siku gani?" Tukamjibu kwamba hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa anaiona orodha kila wiki, anajua yuko wa ngapi, anajua anahitaji kiasi gani, anajua tarehe. Yaya akasema, "Basi huyo alipoteza kama mtu." Tuliliandika hilo neno siku ileile, na hizi kurasa nyingine zote zimetoka hapo.

Maana Schindler alipopoteza kadi, njia ya kurudi nayo ilikuwa imeandikwa. Kila mwaka kuna mashindano ya kutafuta kadi, wanayaita shule ya kufuzu ingawa hakuna mwalimu. Mtu yeyote kuanzia miaka 16 analipa kiingilio, anaingia, anapambana na mamia ya wengine: mafundi bomba, madereva wa malori, watoto wa shule, na wazee waliowahi kuwa na majina. Februari 2021 yeye alienda kwenye yale ya Ulaya yaliyofanyika Niedernhausen. Ilikuwa wakati wa korona, hakuna mashabiki, hakuna muziki, kuta na mbao tu. Akaipata kadi tena.

Lakini akaanza sifuri. Hii ni sheria nyingine: ukipoteza kadi na kuipata upya, zile pesa zako za zamani hazirudi kwenye hesabu. Mbele ya jina lako panaandikwa 0 kama mtu aliyeanza jana. Miaka yote ile ya kusafiri, sifuri.

Na hakupanda kama kwenye filamu. Mashindano makubwa ya dunia yako Desemba, London. Schindler alikuwa ameshaenda mara mbili kabla ya kupoteza kadi, na mara zote mbili alitolewa raundi ya kwanza. Akakosa miaka miwili. Desemba 2021 akarudi na kadi mpya, wakampanga na Mjerumani mwenzake, Florian Hempel, aliyewahi kuwa golikipa wa handiboli. Akatolewa tena raundi ya kwanza. Safari tatu, hata mechi moja hajashinda. Kule kwao wakaanza kusema ni mchezaji wa ukumbi mtupu, akiona watu mkono unakauka.

Ila ule mwaka wa 2022 alikuwa anaokota. Robo fainali hapa, nusu kule, pesa kidogo kidogo, wikendi hadi wikendi. Sisi tunapenda sana sehemu hii ya habari yake kuliko kikombe chochote, kwa sababu haina video. Ukitafuta huipati. Iko kwenye orodha tu, jina linasogea. Kufikia Desemba 2022 alikuwa ameingia katika 32 bora wa dunia, kutoka sifuri, chini ya miaka miwili.

Akaenda London, akamshinda Martin Lukeman. Ushindi wake wa kwanza pale. Raundi iliyofuata akakutana na Michael Smith, na hiyo mechi tumeitazama mpaka tunaijua. Mshindi ni wa kwanza kufikisha seti nne. Schindler akaongoza 3-1. Seti moja tu imebaki. Smith akachukua ya tano, akachukua ya sita, akachukua ya saba. 4-3. Schindler alimpa mkono, akatoka. Siku chache baadaye Smith akawa bingwa wa dunia, na kwenye fainali alimaliza 501 kwa vishale tisa, ambayo ndiyo idadi ndogo kabisa inayowezekana. Kwa hiyo aliyekuwa karibu sana kumtoa bingwa alikuwa huyu aliyeanza sifuri. Lakini orodha haiandiki karibu.

Tumtaje na Gabriel Clemens hapa, maana watu wa Ujerumani wakisikia mmetaja mwaka ule bila yeye watatununia. Huyu alizaliwa tarehe 16 Agosti pia, lakini 1983. Mtu mkubwa wa mwili, ana ufundi wa vyuma, kadi alianza kuipata mwaka 2018 akiwa na miaka 34, umri ambao sisi kwenye matangazo ya masomo tunaambiwa tusijisumbue kujaza fomu. Tarehe 1 Januari 2023 alimpiga Gerwyn Price wa Wales, namba moja wa dunia wakati ule, seti 5-1. Makelele ya mashabiki yalimchosha Price mpaka akavaa vile vizuia kelele vikubwa vya masikio kama fundi wa kiwandani, na fundi halisi ndiye alikuwa upande wa pili anamshinda. Clemens akawa Mjerumani wa kwanza kufika nusu fainali ya dunia. Smith akamsimamisha hapo, 6-2. Pauni 100,000 zikaandikwa mbele ya jina lake. Baada ya miaka miwili zikafutwa kwenye hesabu, jina likashuka. Hajafanya kosa lolote. Ndivyo hesabu ilivyo.

Jengo wanalochezea hayo mashindano linaitwa Alexandra Palace, liko juu ya kilima kaskazini ya London. Mmoja wetu alikuwa anasoma habari za hilo jengo kwa ajili ya zoezi la Kiingereza, akatusomea kwa sauti, tukadhani anatutania. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, jengo hilo liligeuzwa kuwa mahali pa kupokelea wakimbizi. Wakimbizi kutoka wapi? Ubelgiji! Wabelgiji, maelfu, na mabunda yao, wamelala vitanda vya mistari kwenye ukumbi mkubwa, wanasubiri kuandikishwa. Sisi ambao wengi tumetoka Kongo tulilipokea jambo hili kwa furaha ambayo pengine si nzuri sana. Tuliiombea hata picha.

Halafu mwaka 1915 wakaondolewa Wabelgiji, wakaingizwa Wajerumani. Si wanajeshi. Raia: wapishi, vinyozi, waokaji mikate waliokuwa wanaishi Uingereza miaka mingi, wengine na wake Waingereza na watoto waliozaliwa London. Nchi zilipogombana wao wakawa wageni wa kufungiwa. Wakakaa nyuma ya waya juu ya kile kilima hadi 1919. Kwa hiyo mahali ambapo Schindler anaingia na muziki na watu wamevaa nguo za vichekesho wanaimba, vijana wa kwao waliwahi kuhesabiwa asubuhi na jioni.

Dzaleka nayo, wageni wasiojua, kabla ya kuwa kambi mwaka 1994 ilikuwa gereza la watu wa siasa. Pale ikulu ya burudani ikawa kambi, hapa gereza likawa kambi. Majengo nayo yanabadilishiwa kadi.

Turudi kwa kijana wetu. Aprili 2024, mji wa Riesa, na hapo ndugu yetu wa Sachsen hakulala kwa sababu ni jimbo lake. Fainali, Schindler na Gerwyn Price. Mchezo wa nane. Ukumbi wote ni watu wake, wale ambao eti wanamkausha mkono. Akashinda 8-5. Miaka 27, kombe la kwanza la ngazi ile, pauni 30,000. Hakuruka. Alisimama akashika uso. Septemba mwaka huohuo akashinda tena, Uswisi, mji wa Basel, 8-7 dhidi ya Ryan Searle, na kuwa Mjerumani wa kwanza mwenye makombe mawili ya Ulaya.

Na Hopp, aliyekuwa anatangulia? Mwaka mmoja tu baada ya Schindler kurudi, yeye akapoteza kadi. Januari 2022 akaenda kuitafuta, akaikosa. Akawa mtu wa kuzungumza kwenye televisheni, anaeleza michezo ya wenzake. Ilimchukua hadi Januari 2025 kuipata tena. Siku hiyo na yeye akaandikiwa sifuri.

Sasa, dada zetu na kaka zetu wa mashirika mnaotusoma, tunajua mnachotegemea hapa. Mnategemea tuseme kijana alianguka akasimama, nasi tusikate tamaa. Hadithi hiyo tumeshapewa kwenye semina nyingi, na soda. Hatusemi hivyo. Schindler alianguka katika nchi yake. Alikuwa na pasipoti, na barabara ya kwenda Niedernhausen haikuwa na kizuizi ambacho kingemuuliza kibali cha kutoka. Akishindwa anarudi nyumbani kula. Tukijilinganisha naye kwa uvumilivu tutakuwa tunajidanganya, na wengine wetu tunamzidi kwa mbali.

Tunachomwonea wivu ni ile orodha. 128, miaka miwili, 64. Kila mtu anaiona. Aliyepoteza anajua alikosa kiasi gani, hata kama ni pauni 50. Anajua mlango wa pili uko wapi na unafunguliwa mwezi gani. Ni sheria kali, ina ukatili wake, muulizeni Clemens. Lakini haikufichi. Hakuna mtu anayeuza cherehani akiwa gizani.

Sisi tunaweza kusikia hapana. Tumeisikia kwa lugha tano. Kinachotumaliza ni "subirini mtaitwa". Kijana anakaa na hilo neno miaka sita, haoi, haanzi biashara, hapandi hata mchicha nyuma ya nyumba kwa sababu huenda akaitwa kesho. Mwaka jana wenzetu watatu walifanya mtihani wa ufadhili mmoja wa masomo. Majina ya waliochaguliwa yalibandikwa, yao hayakuwepo, sawa. Walipoenda kuuliza walipata ngapi na waliopita walipata ngapi, wakaambiwa hiyo ni siri. Mmoja wao mpaka sasa hajui kama alikosa kwa alama moja au kwa arobaini. Akijaribu tena asome nini? Aongeze wapi?

Hatuwaombi kadi, maana tunajua kadi nyingi haziko mikononi mwenu. Tunaomba namba. Nafasi ngapi, kwa kigezo gani, tarehe ipi mtasema ndiyo au hapana, na aliyekosa arudi wapi. Kama safari imekufa, tuambieni imekufa, tuilie, tuzike.

Na kabla hamjatuuliza sisi tumefanya nini: tuliona aibu kudai orodha huku kwetu hakuna. Darasa letu la kompyuta lina mashine 6. Wanaotaka ni wengi, na tulikuwa tunachagua kwa namna mnayoijua, anayekuja mapema, anayemjua mwenye ufunguo. Mwezi wa tatu tukabandika karatasi mlangoni. Kila mzunguko ni wiki nane. Nafasi 12, wawili kwa mashine. Akina dada wasipungue nusu. Ukikosa siku tatu bila taarifa nafasi inaenda kwa anayefuata, na wewe unaandikwa mwisho wa orodha, si kufukuzwa. Majina yote yako pale na namba zake, hata ya sisi viongozi.

Wiki ya kwanza kulikuwa na kelele. Kijana mmoja alichana karatasi, tukabandika nyingine. Mama mmoja alikuja kutuuliza kwa nini mwanawe ni wa 31, tukamwonyesha tarehe aliyojiandikisha, akaisoma, akasema sawa, akaenda. Hakukasirika. Alirudi wiki mbili baadaye kuangalia, akakuta ni wa 26. Siku hizi anapita kila Jumatatu akitoka kisimani, anaangalia, anaendelea na safari.

Yaya wetu wa cherehani alikuwa wa 14, nafasi mbili nje. Tungeweza kumpitisha, hakuna ambaye angelalamika. Alikataa. Mzunguko mpya utakapoanza atakuwa wa 2. Anataka kujifunza kupanga hesabu za ushonaji, kwa sababu ameanza kukodi cherehani yake ileile, kwa siku, kutoka kwa mtu aliyemuuzia.

Majina ya mzunguko huo tutayabandika Jumatatu saa nne asubuhi.